Asubuhi kwenye Parsele ya Kaku

Mwezi uliopita asistanti wetu, mhadhiri msaidizi, aliingia darasani na mfuko wa vifuniko vya chupa, akavimwaga mezani mbele yetu, sisi watu wazima, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa elimu ya watoto wadogo hapa Kolwezi. Alisema mtoto hujifunza hesabu kwa mikono kabla hajaijua kwa kinywa, kisha akatuomba tuvipange, bila maelezo zaidi. Wenzangu wakaanza kuulizana: kwa rangi au kwa ukubwa? Mikono yangu ilikuwa imekwisha kuanza. Vyenye kutu huku, vizima kule, vyekundu kando ya vyekundu, na kimoja kisichofanana na chochote nikakiweka peke yake karibu na kiwiko changu. Asistanti akasimama nyuma yangu. "We, ulisomea wapi hii?" akauliza.

Ningemwambia nini, kwamba nilisomea kwa mwanamke aliyekuwa mfagiaji? Lakini wewe nitakusimulia.

Tulikaa pembeni mwa mji, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi kitu cha kwanza kuona ni kilima cha mchanga uliotolewa mgodini. Kiangazi vumbi jekundu lilikaa hata ndani ya sukari. Baba alikuwa mchimbaji. Mama aliosha mawe ya madini kijitoni pamoja na wanawake wengine, na alitoka mapema, beseni kichwani, baada ya kutupashia juu ya mbabula, jiko letu la makaa, vipande vya bukari, yaani ugali, iliyobaki jana. Harufu ya bukari inayoungua kidogo pembeni, na makaa yanayoshika moto polepole, hiyo ndiyo saa ya asubuhi niliyoijua kabla ya kujua saa yoyote. Kisha nilimbeba mdogo wangu mgongoni, nikavuka njia kwenda kwa Kaku.

Kaku ndivyo Waluba wa Kasai wanavyomwita bibi, na sote tulimwita hivyo ingawa hakuwa bibi wa mtu yeyote kati yetu. Wazee wake waliletwa huku zamani kwa kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe alifagia miaka mingi katika shule ya maternele, yaani ya chekechea, ya watoto wa wafanyakazi, na kila alichokijua alikipata akiwa ameshika ufagio. "Nilikuwa nafagia polepole," alituambia, "juu nisikie wimbo mpaka ku mwisho." Nilipomjua alikuwa amekwisha acha kazi hiyo na anakaanga mikate ya kuuza mlangoni kwake. Akina mama waliokwenda kijitoni walimwachia watoto wao katika parsele yake, yaani kiwanja cha nyumba yake. Hakuna aliyeiita shule. Ilikuwa kwa Kaku tu.

Lakini kulikuwa na utaratibu. Kwanza kunawa mikono, kila mtu, hata mtoto anayebebwa. Kisha mikate, mmoja mmoja, ya moto, mafuta yakitiririka hadi kwenye kifundo cha mkono na sisi tukiyalamba. Kisha kazi. Kaku alileta sinia ya maharage ya kuchagua, akaketi katikati yetu, miguu imenyooshwa. "Muweke bandugu pamoja," alisema. Maharage meusi ni ndugu, yenye madoa ni ndugu, vijiwe vinatoka nje. Tukikuta harage moja lisilofanana na mengine, hakuturuhusu kulitupa. "Uyu eko mugeni. Mugeni tunamupatia kiti." Na harage lile liliwekewa kifuniko cha kopo, likakaa juu yake kama mtu mkubwa, sisi tukicheka.

Baada ya hapo tuliimba. Nyimbo zilikuwa za Kifaransa, au sisi tuliamini hivyo. Miaka mingi baadaye, nikiwa shuleni, niligundua kwamba nusu ya maneno yale hayamo katika Kifaransa. Kaku aliyashika kwa sikio, kutoka upande wa pili wa chumba, na pale asiposikia vizuri alijaza kwa Kiluba. Hata leo nikiyasikia maneno yaliyo sahihi naona kama yamekosewa.

Kiangazi nilipofika miaka saba, baba alisema mikono yangu ni myepesi, niende na mama kuchagua mawe. Mama alinikatia kipande cha kitenge cha kufunga kichwani, nikaenda.

Nilikwenda siku tatu. Maji ya kijito yalikuwa baridi asubuhi hata vidole vilikufa ganzi, na saa sita jua lilirudi usoni kutoka kwenye maji yenyewe, hakuna pa kuangalia. Kazi niliijua. Mawe ya kijani huku, ya kahawia kule, hayo nayo yalikuwa na ndugu zao. Ila hapa hakuna aliyeimba, na mama, ambaye nyumbani alikuwa mcheshi, huku aliinama tu. Siku ya tatu ngozi kati ya vidole vyangu ilipasuka. Sikumwonyesha mtu.

Jioni hiyo Kaku alivuka njia, sahani ya mikate mkononi, imefunikwa kitambaa. Aliketi, akauliza habari za kila mtu nyumbani, mmoja mmoja, ndipo akamgeukia baba.

"Tata, nimekuja kulomba kitu."

"Lomba, mama."

"Uyu mutoto. Muniachie ye mpaka masomo ianze. Kisha mumupeleke ku masomo."

Baba hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa mtu aliyechoka. "Mama, majiwe njo inatupatia chakula," alisema. "Na mikono yake iko mbio."

"Njo sababu nalomba. Kuya uone ile mikono inafanyaka nini kwangu. Asubui moja tu. Ukiona ni michezo ya bure, mi nanyamaza."

Baba akaja. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda shimoni, alisimama kwenye uzio wa Kaku, sepetu begani, kofia mkononi kama mtu aliyefika kanisani akiwa amechelewa. Nilimwona, nikaona haya, kisha nikamsahau, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mtoto mpya. Wazazi wake walikuwa wamefika karibuni kutoka upande wa Sandoa, hajui neno letu hata moja, na tangu mama yake aondoke alikuwa analia kwa sauti ile ya chini isiyo na mwisho. Kaku alimbeba, akashindwa. Alimpa mkate, akautupa. Wasichana wakubwa walimchezea, akafumba macho.

Nikaenda nikaketi karibu naye bila kumwangalia. Nikamwaga maharage chini, kati yetu, nikaanza kuyapanga, na makusudi nikaweka jeusi moja katikati ya yale yenye madoa. Nikaendelea. Nikaweka jingine. Mara ya tatu mkono mdogo, wenye makamasi, ukaja ukaliondoa lile jeusi ukalipeleka kwa ndugu zake. Nikakosea tena, akasahihisha tena, na sasa alinitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. Kilio kilikuwa kimekwisha. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa bado pale, na jua lilikuwa limepanda sana.

Jioni, tukila bukari na sombe, majani ya mihogo, baba aliniuliza swali moja. "Ule mutoto, aliacha kulia juu ya nini?"

"Nilimupatia kazi," nikasema.

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo puani. Kisha akamwambia mama, bila kunitazama, kwamba kesho nirudi kwa Kaku. Mama aliinama kuchukua kikombe ambacho hakikuwa na haja ya kuchukuliwa. Masomo yalipoanza, ni baba mwenyewe aliyenipeleka.

Nilipomaliza sekondari, ukoo ulikutana. Mjomba, anayeendesha lori upande wa Fungurume, alitaka nisome mambo ya madini, kwa kuwa huko ndiko kazi iliko. Nilipotaja watoto wadogo alishangaa kwa kweli. "Miaka yote ya kusoma, juu ya kupangusa batoto makamasi?" Watu wakacheka, nami nikacheka ili nisilie. Baba, ambaye kifua chake kilikuwa kimemtoa shimoni zamani, alisubiri wanyamaze.

"Mi nilimuonaka ku kazi," akasema. "Alikuwa na miaka saba. Alinyamazisha mutoto mwenye bakubwa balishindwa. Mumuache."

Wakaniacha.

Mtaa ule haupo tena. Yaligunduliwa madini chini ya nyumba, tukahamishwa, kila familia upande wake. Leo kuna ukuta mrefu, na malori yanapita mahali tulipolala mchana kwenye mikeka tukisikiliza mvua juu ya bati. Kaku alichukuliwa na mwanawe, wakarudi Kasai. Nyimbo zake nadhani tumebaki kuzijua mimi na watu wachache, na kila mmoja ana kipande chake. Kuna siku jambo hilo linanielemea.

Lakini mwaka huu, mimi na wenzangu wawili wa darasani tuliomba chumba katika kanisa lililo karibu na kijito, na tukapewa. Asubuhi tatu kwa wiki tunapokea watoto wa akina mama wanaoosha mawe. Hatuna viti. Tuna mikeka, beseni la kunawia mikono na vitu vya kupanga. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kutuuliza anamwandikisha wapi binti yake shule ya msingi.

Jumapili nilimpigia Kaku simu. Sauti yake imekuwa nyembamba, ilibidi nitoke nje ili nimsikie. Nilimweleza habari za diploma nitakayopata mwaka huu, akaziacha zipite.

"Batoto beko bangapi?" akauliza.

"Kumi na tisa, Kaku."

"Niambie majina."

Nikaanza kuyataja, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina alisema "ehe" kana kwamba anamsalimia mwenyewe. Nilipofika la kumi na nne, nikakwama. Upande wa pili hapakuwa na haraka yoyote.

"Fikiri," akasema.

Nikafikiri. Nikalipata, nikalisema, tukaendelea.