Mikono Juu

Juzi sokoni Mtwapa mama mmoja alimwita mwanawe, "Amani!" na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaangusha kapu la mayai nikainua mikono yote miwili. Watu wakaanza kumtafuta mwizi mwenye bunduki. Ngoja nikueleze, wala usinicheke.

Enzi za maziwa ya Nyayo shuleni, nikiwa bado mtoto, dini yetu kule Kuruwitu ilikuwa imebakiwa na waumini wa kuenea mkeka mmoja. Majirani walituita Mikono Juu. Mwenzako akikusalimu "Amani!" unainua mikono, unajibu "Idumu!" na huishushi mpaka yeye mwenyewe aseme "Shusheni." Hata uji uungue. Na kwa amani hiyo, ndugu yangu, haikupita wiki bila mtu kung'olewa jino! Walipigania nani aongoze sala, nani kaoteshwa nini.

Shangazi yangu alimpenda mpiga ngoma wetu. Mchungaji naye, mwenye wake wawili ndani, akaoteshwa kwamba Shangazi ndiye wa tatu. Shangazi aliapa afadhali ajitose baharini.

Jumamosi moja mchungaji akaja kumchukua. Alimburura kwa nywele hadi uani, Nyanya alipokuwa akitwanga kisamvu. Mpiga ngoma akamrukia. Walipigana vibaya, jamani! Walitafunana masikio, ngoma ikapasuliwa kichwani mwa mwenyewe, kanzu nyeupe zikalowa damu. Sisi watoto tulipiga mayowe.

"Amani!" Nyanya akanguruma.

"Idumu!" Mikono yote juu, ya mchungaji ikiwemo, damu ikimchuruzika puani. Nyanya akainua mchi, bado umejaa kisamvu, akamshindilia mbavuni. Pu!

"Mama, hii ni dhambi!"

"Dawa ya moto ni moto. Umemwacha mwanangu?" Pu!

"Nimemwacha! Nimemwacha, mama! Niambie nishushe!"

Alimtwanga mpaka akaapa mbele yetu sote, ndipo akasema, "Shusheni."

Shangazi akaolewa na mpiga ngoma wake, kichwa cha bwana harusi kimefungwa bendeji. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeinua mikono kabla ya kuangalia mwenzake ameshika nini. Sasa dini gani itaishi hivyo? Wakahama mmoja mmoja. Nyanya akabaki na mkeka wake. "Sijuti," alisema, huku analia.

Wote nimewazika, hata Shangazi. Nami nilisimama pale sokoni, mayai yamenitapakaa miguuni, mikono inauma, na hayupo tena wa kuniambia nishushe.