Tangazo Lililoangusha Programu

Shangazi yangu alipewa pole ya msiba wa kaka yake akiwa sokoni, anachagua dagaa. Aliyempa pole alikuwa ametoka kumzika marehemu. Shangazi akamuuliza pole ya nini, na yule mtu akababaika, maana alidhani anaongea na mfiwa anayejua kuwa amefiwa. Ndivyo alivyopata habari kwamba baba yangu amekufa na kwamba tayari yuko kaburini kwetu Kituntu.

Nina hasira na jambo hilo mpaka leo, na sina mpango wa kuzificha.

Baba alikufa alfajiri. Baba mdogo, ambaye ndiye kitinda mimba wa kwao, akashika usukani wa msiba kabla hata hatujamaliza kulia. Simu ya shangazi ilikuwa haipatikani. Kule Songambele alikoolewa mtandao una siku zake. Mama akasema atumwe mtu wa bodaboda. Baba mdogo akakataa, akasema redio inatosha, kila jioni matangazo ya vifo yanasomwa, naye dada yake hakosi kuyasikiliza. Akaketi na kalamu kuandika tangazo. Mimi, binti wa marehemu, ninayeishi kwa kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, niliambiwa nikamenye ndizi.

Matangazo yetu ya msiba si mafupi. Haitoshi kusema fulani amefariki na mazishi ni kesho. Lazima habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, na fulani, na cheo chake kitajwe, na asiyetajwa atakununia mwaka mzima. Baba mdogo aliandika mchana kutwa, kila mgeni aliyeingia akamkumbusha mtu mwingine. Jioni tangazo lilipotakiwa kusomwa, kwetu hakuna aliyewasha redio. Nyumba ilikuwa imejaa watu na vilio.

Shangazi hakuja. Tulimzika baba bila dada yake kumwaga hata konzi moja ya udongo. Baba mdogo akapiga simu redioni, akajibiwa kwamba kompyuta inaonyesha tangazo limesomwa. Basi ikawa hivyo: shangazi alisikia akakaa. Ukoo mzima ukalibeba neno hilo. Yeye naye akaapa kwamba tulimzika kaka yake kwa kumficha, na kwamba Kituntu hatakanyaga tena. Mama yangu na shangazi walikuwa wamelimiana mashamba na kuuguziana watoto tangu ujana wao. Sasa walikuwa hawaongei, na mama alikuwa akipoteza mume na wifi kwa mpigo.

Maneno yaliyonichoma zaidi ni yale ya kompyuta inaonyesha. Kompyuta huonyesha kile ambacho mtu ameiagiza ionyeshe. Kama aliyeiagiza alikuwa mvivu, itaonyesha uvivu wake kwa herufi nzuri. Nikachukua kompyuta yangu ndogo, nikapanda pikipiki kwenda redioni.

Meneja alinipokea kwa adabu na hakuwa na msaada wowote. Aligeuza skrini nione neno LIMESOMWA mbele ya tangazo letu, akakunja mikono kama hakimu aliyekwisha kutoa hukumu. Msomaji wa matangazo, dada mmoja mpole, ndiye aliyenifuata nje. Akanieleza kuwa matangazo mengine yakifika zamu yake, ile programu hujifunga yenyewe. Akiifungua upya, inamletea tangazo linalofuata. Siku nyingine watu huja kulalamika, wanaonyeshwa skrini na kuambiwa warudi nyumbani. Nilimuuliza kama meneja anajua. Akasema anajua, ila fundi aliyeitengeneza hapokei simu.

Nilirudi ndani na sikubisha hodi. Nikamwambia meneja kwamba nitaitazama programu yake bure, mbele yake, na akikataa nitakaa pale pale mlangoni nikiwaeleza wafiwa wote watakaokuja kwa nini ndugu zao hawakusikia. Akanipa kiti.

Fundi hakuacha msimbo wake, yaani yale maandishi aliyoyaandika mwenyewe kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Aliacha programu iliyokwisha kugeuzwa. Ni kama rubisi, pombe yetu ya ndizi: ukionja utajua ndizi zilikuwaje, lakini huwezi kuzirudisha kwenye mkungu. Kwa hali hiyo kuna chombo kimoja tu cha kutumaini, programu ya kutafutia makosa ya programu nyingine, ambayo sisi wa kazi hii tunaiita dibaga. Haina picha wala vitufe. Ni dirisha jeusi unaloliandikia amri, nalo linakujibu kwa mkato. Unaiendesha programu mbovu ndani yake, na ile mbovu ikianguka, dibaga inaikamata hapo hapo, na wewe unaweza kuuliza ilikuwa wapi, inafanya nini, imebeba nini.

Nikaweka tangazo fupi, likapita. Nikaweka la baba, skrini ikajifunga, na dibaga ikaandika kwamba programu imegusa mahali pasipo pake. Meneja akavuta kiti karibu. Nikauliza programu ilikuwa inarudi wapi ilipoanguka, kwa sababu kila kazi ndogo ndani ya programu huhifadhi anwani ya pale itakaporudi ikimaliza. Anwani hiyo ilitakiwa iwe namba ya mahali fulani ndani ya programu. Nilichokikuta hakikufanana na anwani hata kidogo. Nikaiambia dibaga inionyeshe namba hizo kama herufi, ikaniandikia: Songambe.

Lilikuwa jina la Songambele, limekatikia njiani. Fundi alikuwa ametenga nafasi ya herufi mia tano na kumi na mbili kwa ajili ya tangazo, akaona zinatosha, na hakuweka sharti lolote la kuzuia zinazozidi. Zilizozidi zikamwagika juu ya vitu vingine hadi zikaifuta ile anwani ya kurudia. Kinga ya kosa hili ipo, unaiwasha kwa neno moja tu unapoigeuza programu. Hakuiwasha. Programu ilikufa ikijaribu kwenda Songambele, safari ambayo baba mdogo aliona haina haja.

Bado lilibaki lile neno LIMESOMWA. Nikaweka kituo, yaani mahali pa kuisimamisha kabla haijaanguka, nikaisukuma programu hatua kwa hatua, nikaona jambo ambalo lilinifanya niinuke kwenye kiti. Iliandika LIMESOMWA kwanza, ndipo ikaanza kulileta tangazo kwenye skrini. Iwe imeanguka au haikuanguka, ushahidi wa uongo ulikuwa umeshawekwa. Nilimwonyesha meneja mara ya kwanza, nikamwonyesha tena polepole. Ni familia ngapi za Karagwe na Kyerwa zimegombana kwa sababu ya mstari huu uliokaa mahali pasipofaa? Hajui mtu. Ndugu walilaumiwa kwamba walisikia wakakaa, na mkosaji alikuwa fundi fulani aliyepotelea mjini na simu yake.

Meneja alishusha pumzi. Akasema kumbe si sisi, ni programu, na uso wake ukakunjuka kabisa. Akasema kuanzia kesho atabandika ilani kwamba matangazo yawe mafupi. Nikamwambia anachotakiwa kufanya ni kusema hewani kwamba kuna matangazo hayakusomwa, watu wajue. Akasema hilo litaharibu jina la redio. Nilimweleza jina la nani limeharibika, na sikumweleza kwa sauti ya chini. Sauti yangu ilifika mpaka kwenye chumba cha kurushia matangazo, msomaji akafunga mlango. Niliondoka bila kuaga.

Kesho yake nilikwenda Songambele. Nilikuwa na furaha, lazima niseme, furaha ile chungu ya mtu aliyeshinda kesi. Shangazi alinipokea uani, akaitikia shikamoo yangu bila kunitazama, akaendelea kupembua maharage. Nikamweleza yote. Kwamba hakufichwa, kwamba jina lake, na la ukoo wetu, halina doa, kwamba ni mashine iliyoanguka na kusema uongo. Nikafungua kompyuta kumwonyesha, ingawa nilijua yale maandishi meusi hayatamwambia kitu. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniomba nimsomee tangazo lenyewe, lote, kama ambavyo lingesomwa redioni.

Nikasoma. Habari zimfikie mdogo wa marehemu, yaani baba mdogo mwenyewe, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akatajwa jina lake kamili. Zimfikie mkwe wa familia, ofisa wa Bukoba, akatajwa na cheo chake. Zimfikie mfanyabiashara wa Muleba aliyekuwa akinunua kahawa ya baba, jina na duka. Wachungaji, kila mmoja na usharika wake. Waliosoma na baba. Watoto wa kiume, wakwe wa kiume. Niliendelea kusoma na nikaanza kusikia ninachosoma. Nilikuwa nimelitazama tangazo lile siku nzima nikihesabu herufi zake, na sikuwa nimeliona. Mwisho kabisa, baada ya kila mtu, lilikuwa na maneno haya: na dada wa marehemu aliyeolewa Songambele.

Hakukuwa na jina lake. Wageni wote walikuwa na majina na vyeo, na yeye alikuwa mahali alikoolewa.

Shangazi aliweka ungo chini. Hakulia na hakupandisha sauti.

"Baba yako nilimbeba mgongoni," alisema. "Huyu mdogo wetu naye nilimbeba. Huyo ofisa wa Bukoba alimbeba nani?"

Nilianza kusema kuhusu nafasi iliyotengwa, kwamba tangazo lingekuwa fupi kidogo tu lingepita, nikajisikia nikiongea kama meneja wa redio, nikaifunga kompyuta. Nilihisi hasira zangu zote zikihama kutoka kwa yule fundi wa mjini, ambaye sikuwahi hata kumwona, zikirudi Kituntu kwenye meza ya nyumba yetu.

"Mashine umeikuta na kosa lake, asante mwanangu," akasema. "Na aliyeniandika mwisho bila jina, naye ni mashine?"

"Hapana, shangazi. Huyo ni mtu."

Akauchukua ungo wake, akaanza tena kupembua.

"Basi usinirudie na kompyuta," alisema. "Nirudie naye."