Mbegu za Bibi na Mto wa Lubunga

Harufu ya tope ambalo mto umeliacha jana haifanani na ya udongo mwingine wowote. Ina samaki ndani yake, ina majani yaliyooza, ina utamu fulani kama wa ndizi iliyoiva kupita kiasi. Niliisikia mara ya kwanza nikiwa mtoto, huko Lubunga, kitongoji cha Kisangani, mwaka tuliohama kutoka milima ya Lubero. Papa alikuwa amepata kazi kwenye duka la jumla la binamu yake, ng'ambo ya mto upande wa mjini, lakini barabara iliharibika, bidhaa hazikufika, na duka likabaki rafu tupu. Chakula chetu kikawa juu ya mama. Alikuja na kifuko cha mbegu za maharagwe alichopewa na bibi siku ya kuagana, na kule kwetu hata mtoto alijua kwamba mvua za Septemba zikianza, maharagwe huingia ardhini.

Chini ya nyumba yetu, kandokando ya maji, palikuwa na ardhi nyeusi, laini kama unga, wala hakuna aliyeilima. "Udongo mzuri hivi, na watu wanautazama tu!" mama alisema, akashika jembe. Jirani yetu, Mama Lisette, mchuuzi wa samaki kutoka jamaa ya wavuvi wa Isangi, alitukuta tukipiga matuta. Akasimama, beseni kichwani.

"Mama, ngojea kwanza. Hapa mayi iko inakuya."

"Mvua si imeshaanza?" mama akauliza.

"Hapana mvua, mama. Mto."

Mama alimshukuru kwa adabu, lakini jirani alipoondoka alituambia kwamba huenda anaitaka ardhi ile mwenyewe. Tukapanda nusu ya kifuko. Maharagwe yakaota upesi, yakatoa maua meupe, na mama akawa anaimba akipalilia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuhame.

Mto ulipanda bila kelele. Milimani maji yakija huja yakinguruma, nawe unakimbia. Haya yalijongea polepole, kama mtu anayejivutia blanketi. Asubuhi moja ya Novemba tulikuta ncha za maua tu zikichungulia, na samaki wadogo wakipita kati ya mashina. Mama aliingia akaanza kung'oa miche, kana kwamba angeweza kuihamisha, kisha akasimama tu, maji yakimfika magotini, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Jioni alimwambia papa kwamba anataka kurudi kwao, hata kwa miguu. Papa hakubisha, kesho yake akaanza kuulizia lori.

Siku hiyohiyo Mama Lisette alikuja na samaki waliokaushwa. Hakutuambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alimshika mama mkono, akampeleka kwenye shamba lake la mwinukoni, akamwonyesha safu za mihogo. "Pondu hii, chuma siku yote unataka. Ile mbegu yenye imebakia, uifiche muzuri." Tulikula majani yale ya mihogo hadi Noeli ikapita na maji yakaanza kushuka.

Ardhi ilipoonekana tu, mikono ya mama ikaanza kumwasha. Ila safari hii alikwenda kwanza kubisha hodi. Mama Lisette alishuka naye ukingoni, akavua ndala, akazamisha kidole gumba cha mguu kwenye tope. "Bado. Itaoza." Baadaye wakashuka tena, na jibu likawa lilelile. Mama alirudi akiguna, akijiambia kwa sauti kwamba haraka haraka haina baraka, kama mtu anayemkemea mtoto. Mwishowe tope likakauka juu na kupasuka vipande vyembamba, huku chini likibaki na unyevu. "Bon, alors," alisema jirani yetu akicheka, "leo!" Akajifunga kitenge, akainama akapanda pamoja nasi.

Maharagwe hayakuzaa kama ya milimani, kwa kuwa joto la Kisangani haliyapendi. Lakini yalizaa, tukavuna kabla maji hayajarudi, na sufuria ya kwanza tuliibeba ikiwa bado moto hadi kwa Mama Lisette. Alikula, akalamba vidole, akaomba mbegu. Habari za lori hazikutajwa tena nyumbani kwetu.

Siku hizi ninaishi upande wa mjini, na mboga nanunua sokoni. Mvua zimepoteza adabu. Mto nao mwaka huu huwahi, mwaka ujao hukawia, hata wenyeji wanabishana. Simu yangu hunitabiria hali ya hewa ya kesho, na mara nyingi husema kweli. Sina ugomvi nayo. Ila Mama Lisette alipofariki, jamaa zake walikuja kutoka Isangi kwa mtumbwi, wakamkuta mama amekwisha kumwosha na kumvika. Walikaa naye mkekani, wakalia pamoja. Hakuna aliyemuuliza yeye ni ndugu kwa upande gani.