Siku Niliyomfuata Mnunuzi wa Ua Wetu Mpaka Chooni

Haya, mmenishinda. Kila tukikaa hapa Kibiti mnaniuliza kwa nini watu wa Mohoro wakiniona njiani wananiambia "Omari, kamba yako iko wapi?" na mimi nainama kama naokota kitu. Leo nitasema, ila nitasema mara moja tu, maana ni aibu ambayo hata mke wangu akitaka kuninyamazisha anaigusa kidogo tu na mimi naufyata. Atakayecheka kabla sijafika mwisho, naondoka.

Baba yangu, Mungu amrehemu, aliniachia ua pale Mohoro mjini, na msidhani ni ua wa kufugia kuku: mbele ofisi ya vyumba viwili na baraza ya kupokelea wafanyabiashara, nyuma maghala mawili ya mpunga na ufuta, pembeni banda la kinu cha kukamulia mafuta (kinu kilizungushwa na punda, punda akafa, tukazungusha wenyewe wiki mbili, basi na kinu nacho kikafa), na katikati kisima kisichokauka hata kiangazi kikali. Nusu ya eneo ilikuwa majani matupu. Mwenye nguvu zake angejenga pale kitu cha maana, lakini mimi nguvu sikuwa nazo, nilikuwa na funguo tu.

Mwaka ule habari zikaanza kushuka kutoka Umatumbini. Mara watu wameng'oa pamba ya Mdachi, mara wanakwenda kwa mganga kuchukua maji ya dawa, ati ukishanyunyiziwa risasi haikudhuru. Mjini kila mtu akawa anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Neno maji lenyewe likawa halitamkwi hovyo, kwa sababu ukilitaja mbele ya askari utaulizwa maji gani, ya nani, unayapeleka wapi. Nawaambieni wanawake walifika mahali wakawa wanasema "nipe ile ya mtungini."

Na mke wangu Mwanaidi alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii tulikuwa tunaibeba wote wawili, yeye tumboni na mimi moyoni. Kila asubuhi wimbo wake ulikuwa mmoja: "Bwana, mtoto huyu sitaki kumzalia katikati ya bunduki. Uza ua, twende visiwani."

Basi akatokea Mzee Shamte wa Maparoni, huko huko visiwani, mkata mikoko, mtu wa makamo mwenye maneno machache. Hakuja na fedha. Alisema atanipa nyumba yake ya pili kule Maparoni na shamba la mpunga, na mitumbwi yake itatuhamisha na vyombo vyetu, mimi nimwachie ua. Mtu mwenye akili angemkumbatia! Lakini mimi ndivyo nilivyoumbwa, samaki wa bure namnusa mara tatu kisha namrudisha.

Akaja na kamba yake kupima. Ofisi akaipima mara moja, maghala mara moja, kisima akakipima mara tatu. Mara tatu, jamani! Aliteremsha kamba, akaivuta, akashika pale ilipolowa, halafu (nilimwona kwa macho yangu haya) akalamba kidole.

"Mzee, unatafuta nini humo?"

"Naangalia tu, mwanangu. Hapa mtu anaweza kujenga upya kabisa."

"Kujenga nini?"

Akatazama langoni, akatazama huku na huku. "Mungu akipenda utaona."

Mnaona majibu hayo? Hata hivyo Mwanaidi alikuwa ananitazama kutoka dirishani, tumbo mbele, basi tukakaa barazani na Mwalimu Faki wa msikiti wetu akiwa shahidi, nikasema nimekuuzia, akasema nimekubali. Mwalimu akatukumbusha, kama alivyowakumbusha watu wote wanaouziana: "Madhali hamjaachana hapa, kila mmoja ana hiari ya kuvunja. Mkishaachana, basi, imepita." Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni na hayakuwahi kunigusa. Siku ile Mzee Shamte akageuka, akakitazama kile kisima, akatabasamu.

Loo, tabasamu lile! Nikawaza, huyu anajua baba alichozika humo. Nikawaza tena, hapana, huyu ni mgawa maji ya dawa, atakusanya watu uani kwangu, kisha askari waje waulize ua huu ulikuwa wa nani, mimi na Mwanaidi tuishie wapi? Nikawaza tena, au ni mpelelezi wa Boma anayenijaribu? Nikakata shauri, na ndilo shauri dogo lililoniponza: sitaachana na mtu huyu mpaka aniambie anataka nini. Tusipoachana, hiari yangu iko pale pale.

"Haya mwanangu, kwaheri," akasema.

"Nakusindikiza, mzee."

Kumsindikiza mgeni ni adabu, hakuna aliyeshangaa. Tukafika mwisho wa mtaa, nikaendelea kusindikiza. Tukafika kwa binti yake alikokuwa amefikia, nikaingia ndani, na maskini binti alikuwa amepika samaki mmoja tu na sahani ya wali, akanitazama, akamtazama baba yake, akaenda kuongeza kitoweo kwa jirani. Nikala. Swala ya adhuhuri nikasimama bega kwa bega naye, na kwenye kutoa salamu nikageuza shingo upande wake kwanza nisije nikamkosa (Mungu anisamehe, hata sijui niliswali rakaa ngapi).

Tulipotoka msikitini akaenda chooni, kile choo cha uani cha uzio wa makuti. Nikamfuata.

"Omari, humu nako?"

"Sheria, mzee. Tukiachana imepita."

Akavuta pumzi. Akaniachia ncha moja ya kamba yake ya kupimia, akaingia na ncha ya pili. Nikasimama nje nimeshika kamba, kila mara naitikisa kidogo, naye anaitikisa kunijibu. Watu waliotoka kuswali wote wakaniona. Mmoja akauliza kama tumemfunga mbuzi humo.

Tulipoelekea sokoni kundi zima lilikuwa nyuma yetu linacheka, na kamba bado iko mikononi mwetu, yeye mbele mimi nyuma. Hapo ndipo nikakutana uso kwa uso na Mwanaidi na kikapu chake.

"Omari! Unamfuata mwanamume mwenzio kama kifaranga? Umerogwa?"

Kicheko kilichopasuka pale sitakisahau mpaka kaburini. Damu ikanichemka. Na mtu akiaibishwa mbele ya mkewe hafikiri, anabwata tu. Nikamgeukia Mzee Shamte nikapaza sauti: "Basi sema mbele ya watu wote! Kisimani kwangu unataka nini? Ni maji? Unataka maji?"

Kicheko kilikatika ghafla. Mama muuza viazi akabeba ungo wake, muuza samaki akawaacha hata samaki wake, watu wakatawanyika kila njia, nikabaki mimi na Mzee Shamte na Mwanaidi na askari wawili wanaokuja mbio. "Nani ametaja maji?" Mzee Shamte alinitazama, na katika macho yale sikuona hasira, niliona hofu. Hawakuwa na haja ya kutafuta pingu, kamba ilikuwepo. Walitufunga pamoja.

Tukawekwa chumba kimoja, mkono wangu na mkono wake, mpaka alasiri Mwalimu Faki alipokuja kutudhamini. Aliapa kwamba kesi yetu ni ya ua tu na kwamba mmoja wetu ana kasoro ya akili (hakutaja yupi, askari wakajua wenyewe). Kamba ikafunguliwa. Nikamwambia Mzee Shamte, kwa mara ya mwisho, sema unachotaka. Akamtazama askari aliyesimama mlangoni, akafumba mdomo. Nikaona ndiyo hayo, mwenye haki hanyamazi. Nikasema mbele ya Mwalimu, "Nimevunja. Ua wangu umerudi."

"Hewala," akasema. "Nilidhani nanunua ua, kumbe ulikuwa na mkia." Akakunja kamba yake, akaenda zake.

Nilirudi nyumbani kifua mbele kama nimeokoa mji. Mwanaidi hakunisemesha siku tatu, na siku ya nne akasema neno moja tu: "Mitumbwi imeondoka."

Mwezi haukuisha, vita ikatufikia. Ua ukachukuliwa walale askari, na nyumbu wao wakawa wananyweshwa kisimani kwangu. Hakuna aliyeniuliza nauza kwa bei gani, niliambiwa nitoke. Tukatoka na mkeka na sufuria, Mwanaidi akiwa ameshika kiuno, tukaomba mtumbwi kwa watu wa huruma mpaka Maparoni, kwa sababu visiwani kote tulimjua mtu mmoja tu. Nikabisha hodi mlangoni kwa Mzee Shamte.

Akafungua. Akanitazama, akamtazama Mwanaidi, akasogea tupite. Nyumba ile ya pili alikwisha kuwapa wakimbizi wengine, akatupa jiko lake. Mkewe akachota kata moja mtungini, akampa Mwanaidi, naye akanywa yote, na mimi niliponyoosha mkono nikaona mtungi umebaki robo. Nikauliza kisima kiko wapi nikachote.

"Huku kote ni chumvi, mwanangu," Mzee Shamte akasema. "Haya tunayafuata kwa mtumbwi, siku nzima kwenda na kurudi. Nilitaka kuwahamishia wanangu na wajukuu pale kwako, wajenge upande ule wa majani, wanywe wapendavyo. Sasa siku zile ningesemaje nataka maji? Nisemee wapi? Sokoni?"

Nikaurudisha mkono wangu bila kunywa.

Binti yetu alizaliwa mle jikoni baada ya siku kumi na moja, mzima, analia mpaka majirani wakaja. Mkunga akaomba maji ya kumwogesha, na mtungini yalikuwepo ya kunywa nyumba nzima kwa siku mbili. Nikasikia Mzee Shamte nje anasema, "Mmwagieni yote." Nikakaa chini kwenye majivu nikalia.

Kesho yake nikachukua kasia, na tangu siku hiyo mpaka vita ilipokwisha mchota maji wa nyumba ile nilikuwa mimi. Kila safari Mzee Shamte alinisindikiza mpaka mtumbwini, akaniuliza, "Utarudi, au tufunge kamba?"

Basi nimesema. Siku hizi nikiuziana na mtu, hata kama ni jogoo, tukishamaliza wa kwanza kunyanyuka ni mimi, na sigeuki nyuma kuangalia kama anatabasamu.