Mwanga Yuko Nyuma ya Baba

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi ilikuwa ya mawingu. Jua linatoka, linajificha, kama mgeni asiyejua aingie au aondoke.

Nilifika kwa Baba nikamkuta mama mdogo amekaa mlangoni, juu ya begi lake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Ya nini tena?" akasema. "Siku hizi wachawi nao wanaamkiwa?"

Nikadhani ni utani. Hakucheka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Mchana nashona nguo, jioni nasoma darasa la kuhariri video na vijana wanaoniita bibi. Nikirudi nyumbani macho yanawaka moto na miguu imevimba. Lakini nilimwomba Mungu anijalie kujifunza kitu kabla sijaondoka duniani. Akanijalia. Sasa nitamlalamikia nani?

Zoezi langu la kwanza nilimhoji Baba. Alieleza alivyomchumbia marehemu mama, na alivyomwoa mama mdogo baada ya msiba. Wiki iliyofuata kiharusi kikampiga. Sauti ikaondoka.

Video ile ndiyo sauti yake tuliyobaki nayo.

Na haikutazamika. Nilimkalisha mgongo kwa dirisha, uso ukawa mweusi kama sufuria ya kuni. Kila wingu likipita, picha inazama, inaibuka.

Sasa, mwalimu wetu ana mazoea yake. Kwake mwanga ni mtu.

"Muulize anatoka wapi," hutuambia. "Akikuzidi, mtoe kwa adabu."

Basi darasa zima tunaongea hivyo. Mwanga yuko wapi? Yuko kushoto. Mpunguze.

Asubuhi ile nilisali, nikaandika kwenye kundi la familia: "Nimeitazama tena video ya Baba. Mwanga yuko nyuma yake, pale dirishani. Ndiye aliyemfanya Baba awe vile. Leo namwondoa. Niombeeni."

Nikazima simu, nikafanya kazi.

Na pale dirishani, nyuma ya Baba, alikuwa amekaa nani? Mama mdogo. Kwenye video ni kivuli cheusi tu.

Mwanga wa taa ni mwanga. Na anayewanga usiku uchi, naye ni mwanga.

Nilipoelewa, nikaingia ndani kumtafuta kaka.

"Nilisema taa," nikamwambia. "Nilisema jua la dirishani."

"Jua *liko*. Mwanga wa taa *uko*," akajibu. "Wewe umeandika *yuko*. Kiswahili tumesoma wote."

"Ni lugha ya darasani, kaka."

"Baba alikuwa mzima mpaka siku ile. Nani alikaa nyuma yake?"

Shangazi akadakia kutoka jikoni. "Mimi nimeshaanza kufunga. Msiniambie nashinda njaa kwa sababu ya video."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaingia chumbani kwa Baba, nikaweka kompyuta kwenye stuli karibu na kitanda chake, nikawaita wote. Mama mdogo alisimama kizingitini. Hakuingia.

Kazi yenyewe niliyoifanya asubuhi ilikuwa hivi. Niliuzungushia uso wa Baba duara, nikalifuatisha duara na kichwa chake, nikauinua weusi, yaani nikaung'arisha, kidogo kidogo. Dirisha nikalipunguzia mwanga. Palipopita wingu nikasawazisha kipande kwa kipande. Zilibaki chenga chenga kwenye picha, lakini ni Baba.

Nikaiwasha video, sauti yake ikajaa chumba. Shangazi akajifuta macho kwa khanga.

Ndipo kaka akasogea karibu. "Simamisha. Hiki nini?"

Mimi nilikuwa nimeuhangaikia uso tu. Sikuwa nimeangalia chini yake.

Nilipouinua weusi, kivuli nacho kilikuwa kimefunguka. Mama mdogo ameinama, mkono wake umepita kwenye uwazi wa kiti, kiganja kimefunguliwa kwenye mgongo wa Baba. Anamshikilia asianguke. Tukaendesha mbele. Mkono upo. Mbele tena. Upo. Mahojiano yote.

"Alikuwa ameanza kulegea," mama mdogo akasema kutoka mlangoni. "Akanikataza nisiwaambie. Alitaka mumwone amekaa wima."



Baba akagonga godoro kwa mkono wake mzima, mara kadhaa, akimtazama yeye. Mama mdogo akaingia, akakaa pembeni yake.

Kaka akatoka. Akarudi amebeba begi.

"Begi limeingia," mama mdogo akasema. "Mimi bado nasubiri. Semeni kwa mdomo, hapa, mume wangu asikie."

Ndugu yangu unayesoma, lugha ya kazini iache kazini. Nyumbani neno moja linaweza kumtoa mtu kwake.

Kaka akapiga goti. "Mama, sitakutilia shaka tena. Baba shahidi, Shangazi shahidi."

Nami nikapiga goti kando yake, mifupa ikalia.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," nikasema, "kuanzia leo mwanga kwangu *uko*. Neno *yuko* ni lako, mama, uliyemshikilia Baba. Sitayachanganya tena."