Mashine Mgongoni

Mama muuza vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, hulala gesti kwetu Bwera kila mkesha wa soko, yeye na Benedicte, binti yake mdogo. Kila anachonunua hukipima kwa mgongo. Sufuria, redio, hata godoro nimemwona akilifunga kwa kitenge, atembee nalo kidogo, ndipo aseme analichukua au hapana. Pumzi yake hukatika usingizini, na Benedicte ndiye humtikisa mpaka irudi. Ndiyo maana mtoto huvuka mpaka naye, na shule inampita.

Juzi niliwasindikiza Kasese kununua mashine ya kumpulizia mama hewa akilala, pumzi isikatike. Muuzaji akaweka mbili mezani. Kubwa ilikuwa kimya lakini ilitaka umeme wa ukutani; ndogo ilivuma kidogo, ila ilikuwa na betri. Mama hakuuliza zaidi. Akaifunga ile ndogo mgongoni, akainama, akaketi, akazunguka duka.

"Mama, hiyo si mtoto," muuzaji akacheka.

"Mutoto atabakia Butembo, asome. Hii ndiyo itatembea na miye."

Benedicte akaiangalia sana. "Mama, haiko na mikono. Itakutikisa namna gani?"

Mama akaishusha mashine mgongoni. Akaiwasha, akashika barakoa ya mashine, ile ya kuvaa puani, juu ya kiganja cha mtoto. Benedicte akatulia, upepo ukipita katikati ya vidole vyake.

"Iko inapumua," akasema polepole. Kisha akachukua kitenge, akaifunga mwenyewe mgongoni kwa mama yake.