Waliobaki Ziwani

Mwaka ule wote nilifanya kazi moja tu. Kabla ya hapo nilikuwa naandika majina kwenye boti na kuchora vichwa vyenye nywele nzuri kwenye milango ya vinyozi, hapa Kalemie. Kisha boti ya mbao iliyotoka Moba ikapinduka karibu na kwetu, na padiri wa parokia yetu akaniomba niwachore waliopotea, ndani ya kanisa, kwenye ukuta wa upande wa ziwa. Miili iliyopatikana ilikuwa michache. Watu walihitaji mahali pa kulilia.

Familia zilinionyesha picha kwenye simu zao. Nilianza na maji, kutoka sakafuni hadi juu kuliko mkono wangu unavyofika, halafu nikawaweka watu ndani yake, wamesimama, macho wazi. Ukuta wenyewe ulinitesa. Ziwa lilikuwa limepanda, unyevu ukawa unapenya kwa chini, na kila nilipomaliza miguu ya mtu, rangi ilibanduka. Nilikwangua, nikangoja pakauke, nikaanza upya.

Kati ya waliokuja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama kijana. Mume wake alikuwa anafuata ndagala, dagaa wa ziwa letu, Moba na kuuza hapa mjini. Alinipa picha ya mumewe akiwa na shati jeupe, siku ya ubatizo wa mtoto wao. Hakuniambia kwamba mama mkwe wake alikuwa amekataza matanga.

Hilo nililijua siku mama mkwe alipoingia kanisani nami nimepanda juu ya jukwaa la miti. Alitembea polepole kando ya ukuta, akitazama kila uso, akasimama.

"Ule ni mutoto wangu," alisema. "Nani alikuambia amekufa? Umutoe mu maji."

Nilishuka nikampa kiti, akakataa kukaa. Alikuwa amesikia kwamba wavuvi wa ng'ambo waliokoa watu, na kwamba mwanawe huenda yuko Kigoma, mgonjwa, hana simu. Nilimwambia kuwa picha niliipata kwa mke wake. Aliondoka bila kuaga.

Nilikwenda kwa mwalimu. Alisema nisiguse kitu. Hakuwa mke wala mjane, alisema. Watu wanakatisha maneno yao kila anapokaribia, na mtoto anauliza maswali. Padiri naye akashauri nisubiri, hasira zitapoa. Hazikupoa. Kaka mkubwa wa yule aliyepotea alinifuata sokoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kama Jumapili itakuta uso ule ukutani, ukuta mzima utapakwa chokaa. Familia nyingine zikasikia. Vijana wao wakaanza kukaa mlangoni pa kanisa mchana kutwa, wakilinda ukuta. Mimi nikawa nachora huku nimeelekeza sikio nje, na mistari yangu ya siku zile inaonekana mpaka leo, haikutulia.

Jumamosi asubuhi kaka alikuja kweli, na ndoo ya chokaa. Mama yake alikuwa nyuma yake. Vijana wakasimama wote. Padiri alikuwa amekwenda Mpala. Nilikaa mbele ya ukuta na brashi mkononi, nikifikiri kwamba ndoo ikimwagika tu, watu hawa watauana kanisani.

Mwalimu aliingia akihema. Mtu alikuwa amekimbia kumwita. Hakumtazama shemeji yake. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, na mimi ninamungojea," alisema. "Kila boti ikifika ninaenda kuangalia. Lakini nimechoka. Mukimutoa pale, mimi nitamulilia wapi?"

Kaka alikuwa bado ameshika ndoo. Yule mama alimpita mkwe wake, akaja hadi ukutani, akaweka kiganja kwenye kifua cha mwanawe. Kwa unyevu wa ukuta rangi ilikuwa bado mbichi, ikamshika vidoleni.

"Hakuenda na shati," aliniambia. "Alivaa tiriko yake ya bulu, nilimufumia mimi. Umuvalishe tiriko. Ile maji ni baridi."

Kaka akaitua ndoo chini, akatoka nje. Nilimsikia akilia kule uani, kwa sauti, kama mtoto.

Kazi ya tiriko, sweta ile, ilinichukua siku kadhaa kwa sababu mama alikuja kunisahihisha: bulu yangu ilikuwa kali mno, kola ilikuwa juu zaidi, kiwiko kimoja kilikuwa na kiraka. Mwalimu alikaa naye kwenye benchi. Siku za kwanza hawakusemezana. Baadaye nilisikia wakibishana kuhusu kile kiraka, kilikuwa mkono gani.

Matanga yalifanyika kabla ya misa ya kubariki ukuta. Mama hakuvaa nguo za msiba. Naambiwa bado anawauliza wafanyabiashara wanaotoka Kigoma.